Tangi zuri, majirani wabaya: mapitio ya seti ya lita 54

Seti hii unaijua hata kama hujawahi kufuga samaki. Ni tangi la kioo la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, lenye kifuniko cheusi cha plastiki na taa ya LED, filta ndogo ya kubandika ndani, mfuko wa changarawe za rangi na, ukiwa na bahati, hita. Jina kwenye boksi hubadilika kutoka duka hadi duka, kilichomo hubadilika kidogo sana. Picha ya boksi nayo ni ileile: goldifishi wawili, enjeli mmoja na kundi la neoni, wote wakielea pamoja kama wageni wa harusi moja.

Tangi lenyewe ni zuri kuliko bei yake. Picha ile ndiyo inayoua samaki.

Kwa hiyo mapitio haya hayana mizani. Kifaa tutakimaliza haraka. Nani aishi humo, na nani na nani, ndipo pesa za watu zinapopotelea, na ndipo tutakapokaa.

KIFAA

Hesabu kwanza. Sentimita 60 × 30 × 30 ni lita 54, na hiyo ndiyo namba iliyochapwa kwenye boksi. Toa unene wa kioo, toa sentimita 3 za nafasi chini ya kifuniko, toa mchanga wa sentimita 4: maji halisi ni lita 42 hivi. Idadi zote za samaki hapa chini ni za lita 42, wala si 54.

Likijaa, tangi lina uzito wa kilo 65 au zaidi kidogo, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya kabati lako usiku na mchana. Kabati la TV la mbao za unga hupinda katikati, na kioo cha chini hupasuka kwa kufuata ule mpindo. Tumia meza imara, ipime kwa pimamaji, na tandika foamu ngumu ya sentimita 1 chini ya kioo. Kama tangi lako lina fremu ya plastiki chini, foamu haihitajiki.

Kioo cha milimita 5 kinatosha kwa kimo hiki. Fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea lilelile, na mara nyingi kazi yake ni nzuri, ila msimamie kwenye silikoni. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu ni sumu kwa samaki. Anayotakiwa kutumia ni silikoni tupu isiyo na dawa. Iache ikauke wiki moja, kisha ujaze tangi maji na kuliacha siku nzima mahali ambapo likivuja halitaharibu kitu.

Filta ya seti huandikwa lita 300 kwa saa, yaani maji yote hupita ndani yake kama mara saba kila saa. Inatosha kabisa. Ina kasoro mbili. Matundu ya kunyonyea ni mapana na humeza vifaranga. Yavishe kipande cha sponji. Ya pili ni maelekezo yanayosema utupe katriji kila mwezi na kununua mpya. Usitupe. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi kwenye hiyo sponji na katriji, hivyo ukivitupa unarudi siku ya kwanza huku samaki wakiwa ndani. Kamulia sponji kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, si chini ya bomba, na irudi kazini hadi itakapochanika.

Hita ya wati 50 ndiyo saizi yake. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar utaihifadhi kabatini, kwa sababu shida yenu ni joto: kati ya Desemba na Machi maji hufika nyuzi 30 na kupita. Inua kifuniko, funika kwa wavu, elekeza feni kwenye uso wa maji, nayo yatashuka nyuzi 2 hadi 3. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya ni kinyume. Julai maji ya sebuleni hukaa chini ya nyuzi 20, na samaki wengi wa madukani hawakuumbwa kwa baridi hiyo.

Taa haina neno. Saa 7 kwa siku. Ukizidisha, au ukiliweka tangi dirishani, utafuga mwani.

MAJI YAKO NDIYO YANAYOCHAGUA

Kosa la kwanza hutendeka dukani, pale mtu anapochagua samaki kwa rangi halafu ndiyo aanze kuhangaika na maji. Anza na maji. Tazama sufuria au birika la nyumbani kwako. Likishika ukoko mweupe haraka, maji yako ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Hivyo ndivyo yalivyo maji mengi ya visima vya pwani, na baadhi yana chumvichumvi juu yake. Birika likikaa miezi bila ukoko, maji ni laini, kama maji ya bomba ya Nairobi yatokayo upande wa Aberdare. Kipimo cha karatasi cha pH (kiwango cha asidi) na ugumu kitakupa namba, lakini birika limeshakupa jibu.

Kubadilisha maji ili yamfuate samaki kunawezekana kwa wiki moja. Kwa mwaka mzima watu huchoka, na siku wanapochoka samaki hupata mshtuko wa maji ya aina nyingine. Samaki anayependa maji uliyonayo atakusamehe mengi.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatia, au tumia matone ya kuondoa klorini. Pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii; matone ni lazima.

MCHANGANYIKO WA MAJI MAGUMU

Gapi, na gapi dume tu. Sita hadi nane kwenye lita 42. Wanapenda pH ya 7 hadi 8, wanavumilia chumvichumvi ya kisima na joto la pwani, na wana rangi zote ulizotaka kwenye neoni.

Kwa nini dume tu? Jike mmoja huzaa kila baada ya wiki nne hivi, vifaranga 20, 30, wakati mwingine zaidi, na huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Maana yake ni kwamba jike aliyetoka dukani peke yake bado atakuzalia mara kadhaa bila dume kuonekana. Ukiweka dume mmoja na majike watatu, ndani ya miezi minne una tangi la samaki mia na maji yanayonuka. Dume hujulikana kwa pezi la chini ya tumbo: lake ni jembamba kama kijiti, la jike ni kama feni. Muuzaji akikuambia "hawa wote dume", angalia mwenyewe.

Plati dume watano wanaweza kukaa mahali pa gapi. Ni wanene zaidi, hivyo idadi inapungua. Moli hapana, anafika sentimita 10 na uchafu wake ni wa samaki wa tangi kubwa.

Watu huuliza samaki wa chini wa kusafisha sakafu. Hakuna samaki anayekula kinyesi cha wenzake, na kila "mfanyakazi wa usafi" unayemwongeza anaongeza kinyesi chake. Sakafu husafishwa kwa mpira wa kunyonyea maji, mara moja kwa wiki, unapotoa lita 10 hadi 12 na kurudisha maji mapya. Hiyo ni nusu ndoo ya lita 20 na dakika kumi na tano za kazi.

MCHANGANYIKO WA MAJI LAINI

Huku ndiko neoni anakostahili kuwa. Jina lake la kisayansi ni Paracheirodon innesi, naye anatoka mito ya Amazoni, maji laini yenye asidi kidogo, nyuzi 21 hadi 25. Weka nane. Wakiwa watatu hujificha nyuma ya filta, hawali, rangi inafifia, na mwenye tangi anadhani wanaumwa. Kumbe wanaogopa tu. Wingi ndio ngome yao.

Chini yao weka Corydoras watano, samaki wadogo wa sakafuni wenye sharubu. Corydoras paleatus hupatikana kwa urahisi na hupenda ubaridi wa nyuzi 20 hadi 24, kwa hiyo hita ikiwa 23 makundi yote mawili yanaridhika. Kuna sharti moja: changarawe za rangi zilizokuja na seti zitoke. Corydoras hula kwa kuchomeka pua mchangani, na changarawe zenye makali humkwaruza sharubu hadi zinaisha, kisha bakteria huingia kwenye vidonda. Mchanga laini wa mto, ulioshwa ndoo baada ya ndoo hadi maji yatoke meupe, ni bora na ni wa bei nafuu. Kabla ya kuutia, dondoshea ndimu au siki. Ukitoa mapovu una chokaa na utayafanya maji kuwa magumu.

Neoni nane na Corydoras watano ndio mwisho wa tangi hili. Mtu akitaka mmoja wa juu, gourami wa asali, Trichogaster chuna, anapita, mmoja tu, na hapo toa neoni wawili kwenye hesabu.

Wasio na hita nyanda za juu wana chaguo safi: zebra danio wanane, peke yao. Wanaishi vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 25, hawachoki kuogelea, na hawachagui sana maji. Usiwachanganye na gapi wenye mikia mirefu. Danio huwakimbiza na kuwadonoa. Na ziba nafasi ya kifuniko pale waya zinapopita. Danio huruka, na hilo tundu la sentimita 3 atalipata.

UKOO WA TANGANYIKA

Sasa chaguo tunalolipa alama za juu kuliko yote, ambalo cha ajabu ni nadra kuliona katika nyumba za Dar au Nairobi ilhali wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanalo kwa wingi. Ni Neolamprologus multifasciatus, samaki wa maganda wa Ziwa Tanganyika, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1906. Dume hufika sentimita 4 na nusu tu, jike hata chini ya hapo. Huko ziwani huishi ndani ya maganda matupu ya konokono Neothauma tanganyicense, yaliyorundikana sakafuni kwa maelfu. Kila samaki ana ganda lake. Hula karibu nalo, hutaga ndani yake, hulala humo, na akiona kivuli hutumbukia ndani kichwa kwanza.

Kwa sababu eneo la kila mmoja ni dogo kama kisahani, tangi la sentimita 60 ambalo ni jela kwa samaki wengine kwao ni kijiji. Anza na vijana sita. Mwaga mchanga laini wa sentimita 5, tupa maganda 15 hadi 20 bila kuyapanga. Watayapanga wenyewe, tena watahamisha mchanga hadi kioo cha chini kionekane. Ndiyo maana jiwe lolote lazima likae juu ya kioo kabla ya mchanga kumwagwa. Ukiliweka juu ya mchanga watalichimba chini, litaanguka. Neothauma akikosekana, maganda ya konokono wadogo wa nchi kavu yenye mdomo wa sentimita 2 hadi 3 yanafaa, baada ya kuchemshwa na kusuguliwa.

Maji ya ziwa yana pH karibu 9 na ni magumu, joto nyuzi 24 hadi 27. Kisima kigumu cha pwani kimeshakufikisha karibu. Kwenye maji laini, changanya mchanga na vipande vya jiwe la chokaa au makombe yaliyopondwa, na yatayeyuka taratibu. Tunasema jiwe la chokaa. Chokaa ya kupaka ukuta itaua kila kitu ndani ya dakika chache.

Hawa wanataka wenza gani? Hakuna. Hili ndilo jibu ambalo wauzaji hawapendi kulitoa. Katika lita 42 ukoo wa multifasciatus ujae wenyewe. Watoto hukua kati ya wazazi bila kuliwa, vizazi vitatu vikikaa mtaa mmoja, na baada ya mwaka unaweza kuwa na samaki 25. Hapo unaanza kugawa. Usichukue kwa kufanana jina Neolamprologus brichardi, mzuri kupindukia mwenye mapezi ya pembe nyeupe, aliyepewa jina mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, msafirishaji wa samaki wa ziwa hilo kutoka Bujumbura. Huyo anafika sentimita 10, na jozi moja ikizaa hufukuza kila kiumbe kilichomo.

Tahadhari moja ya maji ya aina hii. Amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, huwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda hata kama kiasi ni kilekile, kama mara kumi kwa kila hatua moja. Kosa la kulisha kupita kiasi ambalo neoni kwenye pH 6.5 angelivumilia, kwenye pH 8.5 linaua usiku mmoja.

WA PEKE YAO

Beta, ambaye madukani huitwa fayta, ni dume mmoja kwa tangi. Wote wanajua dume wawili hupigana. Wasichojua ni kwamba mkia mrefu wa gapi dume humfanya beta adhani ni mpinzani, na gapi huchanwa vipandevipande. Na neoni? Wengine hufanikiwa, wengine neoni humdonoa yeye mapezi. Kwa lita 42 hatushauri kubahatisha. Mpunguzie kasi ya filta kwa kuvisha sponji kwenye mdomo wa kutolea maji, kwani mapezi yake ni tanga, na mkondo ukimsukuma siku nzima anachoka.

Kuna pia Nothobranchius guentheri wa Unguja, samaki wa madimbwi ya mvua, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1893. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki kwenye matope hadi mvua nyingine. Dume ana mkia mwekundu kama pilipili. Ulaya mayai yake hutumwa kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu, wakati Zanzibar penyewe hakuna anayemjali. Ukimpata: dume mmoja na majike watatu, kifuniko kilichozibwa, chakula hai kama viluwiluwi vya mbu, na usitegemee aishi zaidi ya mwaka.

WALIO KWENYE PICHA YA BOKSI

Goldifishi wa kawaida hufika sentimita 25 na zaidi, yule wa tumbo la mviringo 15 hadi 20. Anataka maji ya baridi, neoni ya uvuguvugu. Anakunya kuliko samaki kumi wadogo. Na kanuni ya samaki haina msamaha: kinachoingia mdomoni ni chakula. Goldifishi wa miezi minane anammeza neoni bila hasira yoyote.

Enjeli, Pterophyllum scalare, ana kimo kuliko urefu. Akikua, kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini hupita sentimita 20, na maji yako baada ya mchanga yana kimo cha sentimita 23. Atakua akiwa amekunjamana mapezi. Huko kwao Amazoni hula samaki wa umbo la neoni.

Taiga babu, mwenye milia minne meusi, ana jina la mzee lakini hana busara ya babu yeyote. Hudonoa kila pezi linalopepea. Akiwa kwenye kundi la wanane au kumi ugomvi wao hubaki wao kwa wao, ila kundi hilo linataka tangi refu zaidi ya hili.

Pleko huuzwa akiwa sentimita 5 kama msafisha kioo. Yule wa kawaida hupita sentimita 30. Tangi lako ni 60.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa bluu, huuzwa wadogo na wanapendeza kuliko wote kwenye rafu. Wakifikisha miezi sita dume mmoja hulimiliki tangi zima na wengine hukaa pembeni karibu na hita, mapezi yamechanika, hadi wanaisha mmojammoja. Hao ni wa lita 200 kwenda juu. Tetra wa Kongo ni mpole, lakini ana sentimita 8 na anataka urefu wa mita moja wa kuogelea. Gogogo aliyevuliwa ziwani, vifaranga vya sato na kambare mchanga havihitaji maelezo. Kila mwenye sufuria anajua wanafika wapi.

KUJAZA TANGI

Mauzo ya "seti na samaki siku hiyohiyo" ndiyo huduma mbaya kuliko zote kwenye biashara hii. Tangi jipya halina bakteria. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitrati, ambayo unaiondoa kwa kubadilisha maji. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Washa filta, tia punje chache za chakula kila siku kwenye tangi tupu, pima. Amonia na nitriti zikisoma sifuri, tangi liko tayari. Sponji chafu kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, ikiwekwa ndani ya filta yako, hufupisha muda huo hadi wiki moja au mbili. Hilo ni bora kuliko chupa yoyote inayouzwa.

Kisha jaza kwa awamu. Kwa mchanganyiko wa maji laini: Corydoras watano kwanza, subiri wiki mbili, halafu neoni wote nane kwa pamoja. Kwa gapi: wanne, wiki mbili, wanne. Multifasciatus wote sita waingie siku moja, maana aliyetangulia hujitangaza mwenye mtaa.

Dukani, mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekula usimnunue. Angalia mapezi yaliyobanwa mwilini, tumbo lililoingia ndani, vidoadoa vyeupe kama chumvi. Samaki mmoja aliyekufa kwenye tangi lile anatosha kukufanya uondoke, hata kama unayemtaka anaonekana mzima. Maji ni yaleyale. Nyumbani, elea mfuko juu ya maji dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi nusu kikombe kila baada ya dakika tano kwa muda wa kama dakika 40, na umhamishe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga chooni. Ukiwa na ndoo ya ziada ya lita 20 na pampu ndogo ya hewa, wiki mbili za karantini zitakuokoa na vidoadoa vyeupe ambavyo vikiingia tangi kuu ni kazi ya mwezi.

Mgao wa umeme nao una kanuni zake. Umeme ukikatika usilishe. Pampu ya hewa ya betri ni kifaa cha pili cha kununua baada ya seti, hasa pwani ambako maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Filta ikikaa imezimwa zaidi ya saa nne au tano, usiiwashe hivihivi: maji yaliyooza ndani yake yatamwagika tangini. Ifungue, suuza sponji kwenye maji ya tangi, ndipo uiwashe.

ALAMA

Kioo na kifuniko, 8 kati ya 10. Filta 7, ukishaivisha sponji. Changarawe za rangi 2. Ushauri wa samaki unaokuja na seti, sifuri.

Ukiwa umeshanunua mchanganyiko wa picha ya boksi, kuna nafuu. Maduka mengi hupokea enjeli na pleko wakubwa bure au kwa kubadilishana, kwa sababu wateja wenye tangi kubwa huwatafuta. Goldifishi anafaa kwenye bwawa la bustani. Asiyepata pa kwenda asipelekwe mtoni wala mtaroni, na konokono wake vilevile: Pomacea canaliculata, yule wa dhahabu anayeuzwa kwa mapambo, alithibitishwa mwaka 2020 kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, akila miche. Mayai yake ni ya waridi, yamebandikwa kwa vishada juu ya usawa wa maji. Ukiyaona chini ya kifuniko chako, yakwangue na uyaponde kabla hayajaanguliwa.